Nyumba Imara Bila Kumaliza Msitu



Mtu anayekimbia vita huacha nyumba, shamba na mifugo. Kitu kimoja anaondoka nacho: ufundi wake. Ufundi uko mikononi, hauibiwi njiani. Leo tuone wakimbizi waliopokelewa nchini mwetu walivyojenga, na sisi watu wa milima ya Usambara tujifunze nini kwao.

Tuanze hapa hapa mkoani Tanga. Wilayani Handeni kuna makazi ya Chogo. Huko walipewa mahali pa kuishi wakimbizi wa Somalia wenye asili ya Kizigua. Babu zao walipelekwa utumwani Somalia katika karne ya 19. Vita vilipowakumba huko, kuanzia mwaka 1991, walirudi nchi ya mababu, na wengi walikuwa bado wanasema Kizigua. Baadaye Serikali iliwapa wengi wao uraia. Mwenye uraia hajengi kibanda cha kupitisha siku. Anajenga nyumba ya kurithiwa na watoto.

Sasa twende Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 walikuja Warundi wengi, wakaanza kwa kulala katika mahema. Lakini hema halidumu. Jua na mvua hulichakaza. Basi watu walifyatua matofali ya udongo wakajenga. Tatizo likawa miti. Watu wengi wakiishi pamoja hutaka nguzo za kujengea na kuni za kupikia, na misitu ya jirani ilipungua.

Je, sisi wa Lushoto hatuna tatizo hilo? Tunalo. Tanuri moja la kuchoma matofali hula mzigo mkubwa wa kuni. Milima yetu ina miteremko mikali. Mti ukikatwa, mvua huchukua udongo wa shamba, na chemchemi hupungua maji.

Ipo njia nyingine: matofali ya udongo na saruji, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi kabisa. Kazi yake ni hii:

1. Ondoa udongo wa juu wenye mboji, huo ni wa shamba. Chukua wa chini.

2. Pima udongo. Tia kidogo katika chupa nyeupe, ongeza maji, tikisa, uache siku moja. Mchanga hukaa chini, mfinyanzi hukaa juu. Mchanga ukizidi nusu, na mfinyanzi ukiwepo kiasi, udongo unafaa. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka, ongeza mchanga.

3. Chekecha. Changanya ndoo 1 ya saruji na ndoo 12 hadi 15 za udongo. Fyatua machache kwanza uyajaribu.

4. Yaweke kivulini, yafunike, uyamwagilie siku 7 au zaidi. Usiyajengee kabla ya siku 28.

5. Jenga juu ya msingi wa mawe ulioinuka, na paa litokeze nje ya ukuta. Maji ndiyo adui wa nyumba ya udongo.

6. Fukia shimo ulilochimba. Likiachwa wazi hujaa maji, mbu wakazaliana.

Mashine ina gharama, lakini si lazima kila mtu awe na yake. Kikundi kinaweza kununua moja, wanachama wakapeana zamu. Vijana wetu, wanawake kwa wanaume, wapelekwe kujifunza uashi katika vyuo vya ufundi na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo vilianzishwa mwaka 1975. Kijana mmoja akirudi na ujuzi, awafundishe wenzake kwa kujenga, si kwa maneno tu.

Hebu mjadiliane katika kikundi chenu: Kijijini kwetu matanuri mangapi yaliwashwa mwaka huu? Kuni zilitoka wapi? Nani kati yetu anaweza kwenda kujifunza, na nani atamtunzia shamba akiwa chuoni?

Mkishajibu swali la mwisho, mmeanza kujenga.