Baiskeli za Umeme (2): Nani Adaiwe Leseni?

Wiki iliyopita tulizungumzia betri na moto. Leo tuingie kwenye swali linalozua ubishi zaidi: anayeendesha baiskeli ya umeme awe na leseni?

Twende Uholanzi, ambako hata Mark Rutte, alipokuwa waziri mkuu, alionekana akienda kazini kwa baiskeli. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, mota ikiwa haizidi wati 250, ikisaidia tu mtu anapokanyaga pedali, na ikiacha kusaidia mwendo ufikapo kilomita 25 kwa saa, hiyo ni baiskeli. Haidaiwi namba wala leseni. Ile ya kasi, inayosaidiwa hadi kilomita 45, Waholanzi wanaihesabu kuwa pikipiki ndogo tangu Januari 2017: ifungwe kibao cha namba cha njano na iwe na bima, mwendeshaji awe ametimiza miaka 16, ana leseni na amevaa kofia ngumu.

Mpaka umewekwa kwenye mwendo kwa sababu kishindo cha ajali hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 25 hadi 45 hata maradufu haijafika, lakini nishati inayopaswa kumezwa na breki, au na mifupa ya mtu, imezidi mara tatu. Tena dereva wa gari akiona pedali hudhani kinachokuja ni kitu cha polepole, naye anakata kona.

Tatizo ni uchakachuaji. Zile za matairi manene, kipenzi cha vijana, huuzwa kama baiskeli za kawaida. Baadaye kikomo cha mwendo kinaondolewa, wakati mwingine kwa programu ya simu tu. Polisi wa Uholanzi huziweka juu ya mashine ya rola, gurudumu likazunguka palepale na mwendo wake halisi ukasomeka. Kwangu mimi, ukaguzi huo una maana kuliko kumdai leseni bibi anayekwenda sokoni taratibu.

Bodaboda za umeme za kwetu hazina mjadala: ni pikipiki, na leseni ni lazima, hata kama hazina mlio.

Wewe unayetaka kununua baiskeli, soma kwanza wati zilizoandikwa kwenye mota. Kisha ijaribu bila kukanyaga pedali. Ikiondoka yenyewe na kupita 25, ujue umeuziwa pikipiki. Tafuta leseni, na kofia ngumu usiiache nyumbani.