Mashua ya kukodi: piloti otomatiki haina macho

Watu wanaokodi mashua ya matanga kwa juma moja, kama kule Ugiriki ao Kroatia, wanaikuta na GPS, ramani ya ekrani na piloti otomatiki, ni kusema mashine inayoshika usukani. Mashine hiyo inafuata tu mwelekeo iliopewa. Mwamba haiuoni.

GPS inajua pahali mulipo. Shida iko kwenye ramani. Mukiipunguza ili ionyeshe bahari pana, miamba inaweza kupotea kwenye ekrani. Njo ile iliyopata Team Vestas Wind, mashua ya mashindano ya Volvo Ocean Race, tarehe 29 Novemba 2014: iligonga miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki ya Morisi. Watu wote 9 walipona. Na hao walikuwa mabaharia wa kulipwa, si watalii!

Basi, mbele ya kuondoka, mukuze ramani na kufuata njia yote kipande kwa kipande. Safarini, kanuni ya 5 ya sheria ya bahari ya 1972 inadai kuangalia na kusikiliza wakati wote, hata kama mashine njo inaendesha. Tena kila mtu ajue kifungo cha kuizima. Mtumbwi wa mvuvi ukitokea ghafula, hakuna wakati wa kufungua kitabu cha maelezo.