Mama Ameelewa, au Ameitikia Tu?

Mama anaitwa dirishani. Mgongoni amebeba mtoto mwenye homa, na nyuma yake foleni imefika mlangoni. Anapewa bahasha iliyoandikwa "1x2", anaulizwa kama ameelewa, naye anaitikia, "Ndiyo, daktari." Kisha anashika njia kurudi nyumbani.

Je, msomaji, ameelewa kweli? Aghalabu hajaelewa. Ameitikia kwa heshima, na kwa kuona wenzake wanangoja.

Chukua mfano wa malaria. Mwaka wa 2004 Kenya iliichagua dawa ya AL kuwa ya kwanza kutibu malaria isiyo kali, na mwaka wa 2006 ikaanza kutolewa katika vituo vya afya. Mtoto wa kilo 5 hadi 14 hupewa tembe moja kila mara, mara sita kwa siku tatu. Lakini tembe ya pili haingojei kesho. Hutolewa muda wa saa nane baada ya ile ya kwanza.

Hapo ndipo penye mtego. Muuguzi akisema, "Mpe tena baada ya saa nane," mama anaweza kusikia saa nane mchana! Heri aambiwe hivi: "Amemeza sasa saa nne asubuhi. Mpe nyingine leo saa kumi na mbili jioni. Kesho na kesho kutwa mpe moja asubuhi, moja jioni."

Wauguzi hufundishwa tangu chuoni kuhakikisha mambo matano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo na wakati ndio. Hayo yote yaweza kutimizwa hospitalini, kisha yakaharibikia jikoni kwa mama. Dawa ya maji ya kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Akichukua kijiko kikubwa cha mezani, cha mililita 15, mtoto amepewa mara tatu ya kipimo chake.

Basi muuguzi afanyeje? Tembe ya kwanza imezwe mbele yake. Mtoto akiitapika kabla ya nusu saa kupita, apewe nyingine. Amweleze mama kwamba AL hufanya kazi vizuri ikimezwa pamoja na chakula au maziwa, anayenyonya anyonyeshwe. Kisha asiulize, "Umeelewa?" Aseme, "Mama, hebu nieleze utakavyompa ukifika nyumbani, nijue kama nimekueleza vizuri." Akikosea, aelezwe upya bila kukaripiwa. Ni kazi ya dakika chache tu.

Nawe mzazi, kuuliza si ujinga. Homa ikishuka siku ya pili, usiziweke tembe zilizobaki kwa ajili ya ndugu yake. Vijidudu vilivyosalia huweza kuuamsha ugonjwa upya. Na mtoto akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au kunywa, akipatwa na degedege au akilegea asiamke, usingoje dawa iishe. Mrudishe hospitalini mara moja, hata kama ni usiku.

Tembe hutibu ikimezwa inavyopasa. Mama akitoka dirishani huku akijua saa, kipimo na dalili za hatari, muuguzi amemtibu mtoto hata asipokuwapo.