Kuchagua SSD ya Kubebeka kwa Ajili ya Nakala Rudufu

SSD ya kubebeka ni diski ya kuhifadhia data isiyo na kitu chochote kinachozunguka ndani yake. Diski ngumu ya kawaida ina sahani za sumaku zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na juu yake huelea kichwa cha kusomea. Ikidondoka ikiwa kazini, kichwa hugonga sahani na mara nyingi data huishia hapo. Ndani ya SSD kuna chipu za kumbukumbu za aina ya NAND, ambayo Fujio Masuoka na wenzake wa kampuni ya Toshiba waliitambulisha mwaka 1987. Kuna pia kidhibiti kinachopanga data kwenye chipu hizo, pamoja na mzunguko unaoiwezesha diski kuwasiliana na kompyuta kupitia USB. Kasha lote huwa na ukubwa unaokaribia kadi ya benki. Haitoi sauti, hustahimili kutikiswa kwenye begi, na huandika kwa kasi ambayo diski ya kuzunguka haiwezi kuifikia.

Kasi hiyo ina maana kubwa katika kazi ya nakala rudufu. Chukua mtu mwenye gigabaiti 400 za picha, video na nyaraka za ofisi. Kupitia mlango wa zamani wa USB 2.0, unaopitisha takriban megabaiti 35 kwa sekunde, kunakili vyote huchukua zaidi ya saa tatu. Diski ngumu ya kubebeka yenye kasi ya megabaiti 120 itahitaji karibu saa nzima. SSD inayoandika megabaiti 400 kwa sekunde humaliza kwa dakika 17 hivi, na ile inayofikia 1,000 humaliza kwa dakika 7. Kazi ya dakika 7 hufanywa kabla ya kufunga ofisi. Kazi ya saa tatu huahirishwa hadi kesho, kisha wiki ijayo, na kompyuta huharibika kabla ya wiki hiyo kufika.

Lakini tarakimu iliyochapishwa kwenye boksi si ahadi. Ni kasi ya juu kabisa iliyopimwa katika mazingira mazuri, na watengenezaji wenyewe hutanguliza neno "hadi" mbele yake. Kasi atakayoipata mnunuzi huamuliwa na kile kilicho dhaifu zaidi kati ya mlango wa kompyuta, kebo, chipu za diski na aina ya mafaili yanayonakiliwa.

Mlango wa kompyuta ndio wa kwanza kuangaliwa, na hapa majina yamewachanganya wanunuzi kwa miaka mingi. USB 3.0 ilitoka mwaka 2008 na kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde. Baadaye mlango uleule ukaitwa USB 3.1 Gen 1, kisha USB 3.2 Gen 1, bila kasi yake kubadilika hata kidogo. Gigabiti 10 huitwa USB 3.2 Gen 2, na gigabiti 20 huitwa USB 3.2 Gen 2x2. USB4 ilitangazwa mwaka 2019 ikifikia gigabiti 40. Mnunuzi afadhali ayasahau majina na aulize swali moja tu: gigabiti ngapi kwa sekunde? Biti zisichanganywe na baiti. Baiti moja ni biti nane, na sehemu ya mawasiliano hutumika kuratibu safari yenyewe, kwa hiyo mlango wa gigabiti 5 hutoa megabaiti 400 hadi 450 hivi kwa sekunde, na wa gigabiti 10 hutoa kama megabaiti 1,000.

Kompyuta mpakato nyingi zilizokwisha kutumika zinazouzwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zina milango ya gigabiti 5 tu. Mwenye kompyuta kama hiyo akinunua SSD ya megabaiti 2,000 kwa sekunde atalipia kasi asiyoweza kuitumia. Hata mwenye kompyuta mpya hana uhakika, kwa sababu diski za megabaiti 2,000 kama Samsung T9 ya mwaka 2023 zinahitaji mlango wa gigabiti 20 wa aina ya Gen 2x2, ambao ni adimu kwenye kompyuta mpakato na ambao kompyuta za Apple kwa miaka mingi hazikuukubali. Zikichomekwa kwenye mlango usioifahamu Gen 2x2, hushuka hadi gigabiti 10. Kwa mtu wa kawaida, daraja la megabaiti 1,000, kama Samsung T7 iliyotoka mwaka 2020, linatosha kabisa, na pesa inayobaki ina matumizi bora zaidi, kama itakavyoonekana mbele.

Kebo husahaulika. Kebo mbili za USB-C zinaweza kufanana kwa kila kitu, moja ikapitisha gigabiti 10 na nyingine isivuke kasi ya USB 2.0, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya kuchaji simu. Ikiwa SSD mpya inakwenda taratibu kupita kiasi, jambo la kwanza ni kurudisha kebo iliyokuja nayo kwenye boksi. Adapta na vigawanyishi vya USB vya bei rahisi navyo huleta tatizo hilohilo.

Sasa ziangaliwe chipu zenyewe, maana hapa ndipo tofauti ya bei huzaliwa. Kila seli ya kumbukumbu huhifadhi chaji ya umeme, na kidhibiti hupima kiwango cha chaji hiyo ili kujua imeandikwa nini. Seli za TLC hushika biti tatu kila moja. Seli za QLC hushika biti nne. Biti nne zinahitaji viwango 16 vya chaji vitofautishwe ndani ya seli moja, wakati biti tatu zinahitaji 8. Ndiyo maana QLC ni rahisi kwa bei, huandika polepole zaidi, na huchakaa mapema zaidi. Ili kuficha upole huo, kidhibiti hutenga sehemu ya seli na kuzitumia kwa muda kana kwamba zinashika biti moja tu. Data inayoingia hupokelewa huko kwa kasi kubwa, kisha diski ikipata nafasi huihamishia kwenye makao yake ya kudumu.

Mpango huo hufanya kazi vizuri mpaka sehemu ya mapokezi ijae. Anayenakili gigabaiti 400 kwa mkupuo ataliona jambo hili kwenye skrini: mstari wa kasi hukimbia juu kwa dakika chache za mwanzo, kisha ghafla huporomoka na kubaki chini mpaka mwisho. Baadhi ya SSD za QLC huporomoka hadi megabaiti 100 au 200 kwa sekunde, yaani karibu na kasi ya diski ngumu ya kuzunguka. Tena, sehemu hiyo mara nyingi hupungua kadiri diski inavyojaa, hivyo diski iliyobakiwa na nafasi kidogo hufika kwenye mporomoko mapema. Mtu anayebeba nyaraka za Word na picha chache za simu huenda asilione hilo kamwe. Mpiga video za harusi, anayemwaga kazi ya siku nzima usiku uleule, atakutana nalo kila mara, na kwake TLC ni lazima. Tatizo ni kwamba watengenezaji wengi hawaandiki aina ya seli kwenye boksi. Ni busara kutafuta majaribio huru yanayoonyesha kasi ya kuandika baada ya gigabaiti mia kadhaa, na kuachana na yale yanayopima gigabaiti moja tu.

Mafaili madogo yana shida yake. Faili moja la video la gigabaiti 50 hunakiliwa kwa kasi kamili, lakini picha ndogo na barua laki moja zenye ukubwa uleule kwa jumla huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa kila faili linahitaji kufunguliwa, kuorodheshwa na kufungwa. Diski inayotumia utaratibu wa UASP, unaoruhusu amri nyingi kushughulikiwa kwa pamoja, hupunguza adha hiyo. SSD nzuri za leo karibu zote zinao.

Kuhusu ukubwa, kanuni inayofaa ni kununua diski yenye angalau mara mbili ya data iliyopo. Programu za nakala rudufu kama Time Machine ya Apple na File History ya Windows huhifadhi pia matoleo ya zamani ya mafaili, na matoleo hayo hula nafasi. Mnunuzi asishtuke akiona diski ya terabaiti 1 ikisomeka gigabaiti 931 kwenye Windows: mtengenezaji anahesabu kwa maelfu na Windows inahesabu kwa 1,024, na hakuna kilichoibwa.

Wizi wa kweli upo kwingine. Kwenye maduka ya mtandaoni na hata kwenye vibanda vya mtaani huuzwa vifaa vinavyojiita SSD za terabaiti 16 kwa bei ya flashi. SSD halisi ya kubebeka ya terabaiti 8, kama T5 EVO ambayo Samsung iliitoa mwaka 2023, iligharimu mamia ya dola. Ukikifungua kifaa bandia, mara nyingi utakuta kadi ndogo ya kumbukumbu, ile ya kuwekwa kwenye simu, imechomekwa kwenye kibao cha USB 2.0 na kushikizwa kwa gundi, na nafasi nyingine yote ni tupu. Programu iliyomo ndani imefundishwa kudanganya. Kompyuta ikiuliza ukubwa, inajibu terabaiti 16. Mwenye kifaa hunakili mafaili yake, huyaona yamejipanga kwa majina, na hana sababu ya kushuku. Lakini nafasi halisi ikishakwisha, data mpya huandikwa juu ya ile ya zamani au hupotea tu. Siku ya kuyahitaji, majina yapo na ndani hamna kitu.

Dawa yake ni kuijaza diski mpya kabla ya kuiamini. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, huandika data ya majaribio mpaka diski ijae, kisha huisoma yote na kulinganisha. Zote ni za bure. Jaribio linaweza kuchukua saa moja au saa kadhaa, ila linajibu maswali mawili kwa mara moja: kama nafasi iliyoandikwa ipo kweli, na kama kasi inashikilia pale sehemu ya mapokezi inapojaa. Lifanywe wakati risiti bado inakubalika dukani.

Baada ya hapo hufuata kufomati. FAT32 haipokei faili lolote linalofikia gigabaiti 4, hivyo haifai kwa video. exFAT husomeka na kuandikika kwenye Windows, Mac na matoleo mapya ya Linux, na ndiyo chaguo la anayehamahama kati ya kompyuta za aina tofauti. Udhaifu wake ni kwamba haitunzi kumbukumbu ya mabadiliko yaliyokuwa yakiendelea, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kunakili, au diski ikichomolewa bila kuagwa, orodha ya mafaili inaweza kuvurugika. Kwa anayetumia Windows peke yake NTFS ni imara zaidi, na kwa wa Mac ni APFS. Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, tofauti hii si ya kupuuzwa.

Kitu kidogo kama kadi ya benki hupotea kirahisi, na kikipotea huondoka na hati za kusafiria, mikataba na picha za familia. Kwa hiyo diski ifungwe kwa nenosiri kupitia usimbaji wa programu inayoaminika: BitLocker kwenye matoleo ya Windows yaliyo nayo, usimbaji wa Apple kwenye Mac, au VeraCrypt kwenye mifumo yote. Kufuli lililojengwa ndani ya diski halitoshi peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi walionyesha kuwa kufuli za SSD kadhaa maarufu, zikiwemo za kubebeka, zingeweza kupitwa bila kulijua nenosiri. Nenosiri lenyewe liandikwe na kutunzwa mahali pengine salama, kwa kuwa likisahaulika hakuna fundi wa kulirudisha.

SSD pia si sanduku la kufungia vitu kwa miaka kumi. Chaji iliyomo kwenye seli huvuja polepole diski ikikaa bila umeme, na joto huharakisha uvujaji huo. Kiwango cha shirika la JEDEC kwa diski za matumizi ya kawaida hutaka SSD iliyokwisha kutumia uhai wake wote wa kuandikwa iweze kutunza data mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi 30 za Selsiasi. Diski ambayo bado ni mpya hutunza kwa muda mrefu zaidi ya huo. Hata hivyo, kuiacha kwenye droo la gari huko Mombasa au Tanga kwa msimu mzima ni kuitakia mabaya. Ichomekwe kila baada ya miezi michache na nakala zake zisomwe.

Tena SSD ikifa, mara nyingi hufa ghafla. Diski ya kuzunguka huweza kuanza kwa kulia na kusuasua, ikampa mwenyewe muda wa kuokoa vitu. Kidhibiti cha SSD kikishindwa, kompyuta haioni kitu, na kurejesha data ni kazi ngumu na ya gharama. Hapa ndipo pesa iliyookolewa kwa kutonunua megabaiti 2,000 inapopata kazi yake. Diski mbili za daraja la kati humlinda mtu zaidi kuliko moja ya kifahari, hasa zikiwa za chapa tofauti, kwa sababu kasoro ya programu dhibiti huweza kuzipiga diski za toleo moja kwa pamoja. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliueneza utaratibu wa nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikiwa nje ya jengo. Kompyuta yenyewe huhesabiwa kuwa ya kwanza. SSD moja ikae nyumbani, na nyingine ofisini au kwa ndugu anayeaminika. Au nafasi ya tatu ijazwe na hifadhi ya mtandaoni kwa mwenye intaneti ya kutosha. Diski iliyokwisha kunakiliwa ichomolewe. Programu hasidi zinazofunga mafaili na kudai fidia hufunga pia kila diski zinayoikuta imechomekwa.

Mara ya kwanza kunakili kila kitu ndiyo nzito. Baada ya hapo programu nzuri hunakili yaliyobadilika tu, na kazi ya wiki nzima humalizika kwa dakika moja au mbili. Kinachobaki ni kujaribu kurejesha: mara kwa mara mafaili machache yachukuliwe kutoka kwenye diski, yafunguliwe kwenye kompyuta nyingine, na ithibitishwe kuwa picha inaonekana, video inacheza na nenosiri bado linakumbukwa.