Jahazi la Malapa

Hadithi, hadithi! Semeni "njoo," wajukuu, kisha mketi, maana ya leo haina sungura wala fisi.

Kule Lamu yuko fundi wa majahazi aitwaye Ali Skanda. Yeye na wenzake walichukua takataka za plastiki zilizookotwa ufukweni na mitaani, tani 10 hivi, wakaziyeyusha na kuzitia kwenye kalibu. Zikatoka mbao za plastiki. Kuanzia hapo kazi ikawa ile ile ya mababu: tezo, msumeno na nyundo, mkuku kwanza, halafu mataruma, halafu mbao za ubavuni. Nje wakalivisha malapa, yale mnayoyaita pata-pata, 30,000 kwa jumla, ya buluu, ya manjano, ya waridi. Jahazi la mita 9, limechangamka kama leso ya harusi! Wakaliita Flipflopi. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mapema 2019 likatweka tanga hadi Zanzibar, safari ya kilomita 500.

Taabu yote hiyo ya nini? Wanasayansi walikuwa wamesema miaka mingi kwamba plastiki haiozi. Jua huikausha, mawimbi huivunjavunja, ikabaki chembe ambazo samaki huzimeza akidhani ni chakula. Maneno hayo yalikaa kwenye ripoti, na ripoti husomwa na wachache. Jahazi la malapa likitia nanga, mji mzima hushuka pwani. Mtoto huligusa, huona lapa linalofanana na lake, huuliza limefikaje pale. Akishauliza, mwanasayansi amepata msikilizaji.

Najua mtaniambia bahari iko mbali na kwetu huku Mogogosiek, kwenye milima ya chai. Haya, sikieni. Mwaka 2021 jahazi hilo hilo lilipakiwa lorini, likaletwa Kisumu, likaingia Ziwa Victoria na kutembelea miji ya Kenya, Uganda na Tanzania. Hapo sasa tumeguswa. Mvua ya alasiri ikinyesha huku, maji hupita kati ya mashina ya chai, huingia mtaroni, kisha kijitoni, kisha Itare au Kipsonoi, na mito hiyo yote mwishowe huishia katika Sondu, unaomwaga maji ziwani. Lapa lililokatika kamba, ukilitupa nyuma ya kituo cha kuuzia majani chai, huondoka na maji hayo. Na mvua yenyewe, sehemu yake hutoka kule kule: upepo hubeba unyevu wa ziwa, ukipanda milima hii unapoa na kuwa mawingu, siku nyingine ukatuangushia mvua ya mawe inayochana majani. Watu wa ziwani wanatuletea mvua, sisi tunawapelekea malapa mabovu. Haipendezi.

Basi Jumamosi okoteni malapa ya mtaroni, myaoshe. Choreni ramani ya mto ukutani, kutoka shuleni kwenu hadi ziwani, mkibandika kila lapa mahali lilipookotwa. Chagueni ukuta wa sokoni, watu wanapopita. Ila mwombeni kwanza mwenye ukuta.