Kipindupindu: Kwa Nini Kuharisha Hakukomi, na Kwa Nini ORS Huokoa Maisha

Mgonjwa wa kipindupindu aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa. Familia nyingi hushangaa kuona anaendelea kuharisha hata tumbo likiwa tupu, na hushangaa zaidi mhudumu wa afya anapoagiza anyweshwe maji mengi. Maelezo ya mambo yote mawili yapo kwenye ukuta wa utumbo.

Bakteria wa kipindupindu huingia mwilini kupitia maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Wakifika kwenye utumbo mwembamba, hutoa sumu. Sumu hiyo ndiyo inayoleta madhara.

Kila seli ya utumbo imezungukwa na utando laini wa mafuta. Kwenye utando huo kuna vipokezi, yaani sehemu ambazo molekuli kutoka nje hujishikiza. Kipokezi kinachotafutwa na sumu ya kipindupindu huitwa GM1. Hakikai mahali pamoja, bali huelea huku na huku kama gugumaji ziwani.

Molekuli moja ya sumu ina vishikio vitano. Kishikio cha kwanza kikinasa kipokezi, sumu bado inaweza kung'oka. Lakini kwa kuwa vipokezi vinatembea, kingine hupita karibu na kunaswa na kishikio cha pili, kisha cha tatu. Ni kama mtu aliyekamatwa na watu watano: mmoja akiachia, wanne wangali wamemshika, na yule aliyeachia hupata nafasi ya kumkamata tena.

Ikishashika hivyo, sumu huvutwa ndani ya seli. Humo huilazimisha seli kumwaga chumvi kwenye utumbo, na maji huifuata chumvi. Dawa za kuua bakteria, zikitolewa na daktari, hufupisha ugonjwa, lakini haziondoi sumu iliyokwisha kuingia. Utumbo hupona kadiri seli mpya zinavyochukua nafasi ya zile za zamani, kazi inayochukua siku kadhaa. Bila maji, mgonjwa anaweza kufa kabla ya siku hizo kuisha.

Hata hivyo, kuna mlango ambao sumu haiufungi. Sukari na chumvi zikiwa pamoja huingia kwenye seli kwa njia nyingine, na maji huingia nazo. Hiyo ndiyo kazi ya ORS. Maji matupu hayatoshi.

Wakazi wanashauriwa:

• Kuchanganya pakiti ya ORS ya lita moja katika lita moja ya maji safi, na kumpa mgonjwa kidogo kidogo hata akitapika. Mchanganyiko umwagwe baada ya saa 24.

• Pakiti ikikosekana, kutumia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi.

• Kuendelea kumnyonyesha mtoto.

• Kumpeleka mgonjwa kwenye kituo cha afya mara moja, huku akinyweshwa njiani. Macho yaliyoingia ndani, kukosa mkojo na kulegea ni dalili za hatari.

• Kuchemsha maji ya kunywa au kuyatia klorini, kutumia choo, na kunawa mikono kwa sabuni.

Sumu ikishashika ni vigumu kuitoa. Ni rahisi zaidi kuizuia isifike tumboni.