Malezi, Nafsi na Upotovu: Elimu ya Jamii mbele ya Fiqhi

 

Misikiti ya hapa Maili Moja, Kibaha, iliyo jirani na barabara ya Morogoro, hupokea watu wa kila aina: wasafiri, wachuuzi, wapiga debe, na pia vijana ambao mji umewapa jina moja tu, "mateja". Jioni moja kijana aliyekuwa ameacha unga kwa miezi kadhaa alikuja kuswali Isha, akasimama safu ya mbele. Kabla ya iqama, mzee aliyekuwa pembeni yake alitoka safuni akaenda kuhamisha viatu vyake. Kijana alimuona. Aliswali, akaondoka kimya, na hatukumuona tena msikitini. Sisi tuliokuwepo hatukusema neno, na kunyamaza kwetu ndiko kulikotusukuma kuandika makala hii.

Swali letu ni hili: mtu huwaje mwema au mpotovu, na jamii ina sehemu gani katika hilo? Wataalamu wa elimu ya jamii wamelijibu kwa nadharia zao, na mafakihi wetu walilizungumza kabla yao kwa karne nyingi. Ni vyema mwanafunzi wa dini azijue kauli zote mbili, apate kupima.

MALEZI

Wanaelimu-jamii wanasema mtoto hazaliwi na desturi. Huzipokea kwa wazazi, kisha kwa wenzake, shule na mji. Mfaransa Émile Durkheim (1858–1917) alieleza kuwa kanuni za jamii huingia ndani ya mtu mpaka akaziona ni zake mwenyewe. Kanuni hizo zikilegea ghafla, watu hukosa mipaka na kuyumba.

Wenyeji wa Pwani hii hawana haja ya kwenda mbali kulifahamu jambo hilo. Kwa Wazaramo wa Kisarawe na Kibaha, kijana alipelekwa jandoni, akatahiriwa na ngariba na kufundishwa adabu na watu wazima waliopewa kazi hiyo. Yamo katika mila hizo yanayopingana na sheria, nayo huachwa. Lakini msingi wake ulikuwa sahihi: kijana hakuachwa ajilee mwenyewe. Leo Maili Moja ni mji wa watu waliotoka mikoa mingi. Jirani hamjui jirani, na mtoto wa mwenzio ukimkanya unaulizwa, "Wewe kama nani?"

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, kisha wazazi wake ndio wanaomuelekeza kwenye dini nyingine. Hapa tunakutana na wanaelimu-jamii na hapo hapo tunaachana nao. Tunakubaliana kuwa malezi yana nguvu. Hatukubali kuwa mtoto ni ubao mtupu, kwani fitra imetangulia malezi.

NAFSI

Mmarekani Charles Horton Cooley aliandika mwaka 1902 kuwa watu wengine ni kioo cha nafsi. Mtu hukisia anavyoonekana kwao, hukisia wanavyomhukumu, kisha huona fahari au aibu. George Herbert Mead, ambaye mafunzo yake yalichapishwa mwaka 1934 baada ya kufa kwake, aliigawa nafsi pande mbili: upande unaotenda kwa msukumo wake, na upande uliobeba matarajio ya jamii.

Sasa turudi kwa yule kijana. Kioo alichotazama usiku ule kilimwonyesha mwizi, ingawa hakuwa ameiba kitu.

Qur'ani nayo imeitaja nafsi katika hali tatu: yenye kuamrisha maovu (Yusuf, aya 53), yenye kujilaumu (Al-Qiyama, aya 2) na iliyotulia (Al-Fajr, aya 27). Tofauti ni kubwa. Kwa Mead, anayelaumu ndani ya mtu ni sauti ya jamii iliyohamia moyoni. Kwetu, nafsi inaweza kumlaumu mtu hata kama mji mzima unampongeza, kwa sababu inajua kuwa Mola wake anamuona.

UPOTOVU NA JINA LAKE

Edwin Sutherland alieleza mwaka 1939 kuwa uhalifu hufunzwa kama ufundi mwingine, kwa kukaa na wanaoufanya. Haya si mageni kwetu. Abu Said al-Khudri (r.a.) amepokea kisa cha mtu aliyeua watu mia kisha akataka kutubu. Mwanachuoni aliyemuuliza hakumkatisha tamaa. Alimwambia aihame ardhi yake kwa kuwa ni ardhi ya shari, aende kwa watu wanaomuabudu Allah. Toba yake ilihitaji jamaa wapya. Je, kijana wetu akitoka kijiweni na msikiti ukamkataa, ahamie wapi?

Edwin Lemert (1951) na Howard Becker (1963) waliongeza jambo jingine. Kosa la kwanza huweza kuwa la kupita tu. Jamii ikishambandika mtu jina, milango hufungwa, naye huanza kuishi kwa mujibu wa jina hilo, likazaa makosa mapya.

Allah (S.W.) amekataza kuitana kwa majina ya kejeli (Al-Hujurat, aya 11). Katika Sahihi Bukhari kuna kisa cha Swahaba aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi, akiadhibiwa. Mtu mmoja akamlaani. Mtume (S.A.W.) akakataza, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Na katika mapokezi ya Abu Hurayra (r.a.) kuhusu mlevi, alikataza watu wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Zingatia: adhabu haikufutwa, wala mtu hakufukuzwa katika udugu. Kosa liliitwa kosa, na mtu akabaki ndugu.

HUKUMU YA ALIYETUBU

Suala hili lina mlango wake katika fiqhi. Anayewasingizia zinaa wanawake watwaharifu bila mashahidi wanne hupigwa mijeledi 80, ushahidi wake haukubaliwi, na huitwa fasiki, isipokuwa waliotubu na kutengenea (An-Nur, aya 4 na 5). Je, akitubu ushahidi wake unarudi? Abu Hanifa alisema haurudi, kwa kuwa neno la kuvua linahusu ufasiki peke yake. Malik, Shafi na Ahmad walisema unarudi. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Minhaj kuwa fasiki aliyetubu hupimwa kwa muda unaotosha kudhania ukweli wa toba yake, na kwamba wengi wameukadiria kuwa mwaka mmoja.

Tazama busara iliyomo. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, jina la ufasiki lina mwisho. Haliondoki kwa neno la mdomo tu, wala halidumu mpaka kaburini. Na muda huo wa kupimwa ni kwa ajili ya ushahidi. Safu ya swala haina muda wa kungojea.

TUNAPOTOFAUTIANA

Asije mtu akasema, "Basi jamii ndiyo yenye kosa, mimi sina." Kueleza sababu si kuondoa jukumu. Kalamu imenyanyuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, aliyelala mpaka aamke na mwendawazimu mpaka apate akili. Wengine wote wataulizwa, na jamii nayo itaulizwa kwa sehemu yake.

Tiba pia ipo. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili imetoa dawa ya methadoni kwa walioathirika na heroini. Dawa husaidia mwili. Lakini anayetoka kliniki anahitaji pa kukaa, mtu wa kumsalimia na jina jipya, na hayo hayatolewi hospitalini.

Ndugu zetu maimamu, tuanze na safu zetu. Anayeogopea viatu vyake na aviweke mbele yake tangu anapoingia, bila kumlenga mtu. Kijana tumuite kwa jina alilopewa na wazazi wake, tumpe kazi ndogo ya msikiti, na akikosekana siku mbili tumuulizie. Yule wa kwetu tunaendelea kumtafuta.

Wallahu a'lam.